Kijumbe wa Jumapili

Mama yangu alicheza mchezo miaka mingi kabla mimi sijashika simu. Hapa Tanzania ukisikia mwanamke anacheza mchezo, usidhani ni mpira wala karata. Ni kina mama kumi au kumi na wawili wanaochanga fedha kila wiki na kumpa mmoja wao zote, wiki ijayo mwingine, hadi mzunguko uishe. Pwani wataita upatu, na ng'ambo ya Sirari, kwa ndugu zetu wa Kenya, ni chama. Kikundi cha mama kilikuwa cha watu kumi na wawili, wote wa Turwa na mitaa ya jirani hapa mjini Tarime, na kila Jumapili jioni walipita nyumbani kuacha shilingi elfu tano. Mama ndiye aliyekuwa kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo.

Daftari lake lilikuwa kaunta buku yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Majina aliyaandika upande wa kushoto, tarehe juu. Aliyetoa alipigiwa vema. Asiyetoa na asiseme neno aliwekewa mstari. Na yule ambaye hakutoa lakini alimtuma mtoto aje aseme, "Mama anakusalimu, mgonjwa amezidiwa, atakuja Jumatano," huyo aliwekewa duara dogo. Sikuwahi kumwona mama akigombana na mwenye duara. Mwenye mstari alimfuata mwenyewe jioni hiyohiyo, kanga begani, na hakuanza na deni. Alianza na habari za nyumbani.

Tangu mwaka 2022 naongoza kikundi cha watu tisa wanaokutana kila Jumapili saa tatu usiku ndani ya mchezo wa mtandaoni, kuingia mapangoni na kupambana na majitu ambayo mtu mmoja wa kiwango chetu hayawezi. Nimesoma miongozo mingi juu ya silaha gani ichukuliwe na nani asimame wapi. Iliyonisaidia kukiweka hai kikundi hiki ni kaunta buku ile.

Wachezaji wa dunia nzima huiita shughuli hii kwa neno la Kiingereza, raid. Sisi hatulitumii. Tarime ni mahali ambapo neno hilo lina maana moja: watu wenye silaha wamekuja usiku kuchukua ng'ombe. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher aliandika kitabu kizima juu ya uvamizi wa mifugo miongoni mwa Wakurya, kikatoka mwaka 2000, na serikali iliunda kanda maalum ya kipolisi kwa ajili ya Tarime na Rorya. Kati yetu wapo waliobebwa mgongoni wakiwa wadogo kwenda kujificha usiku yowe lilipopigwa. Burudani ya Jumapili haiwezi kuchukua jina hilo. Tulikubaliana kuiita msafara, na neno limekaa vizuri: msafara una kiongozi, una mizigo, una wanaochoka njiani, na haumwachi mtu nyuma bila kumuuliza kulikoni.

Asili ya misafara ya namna hii inaeleweka vizuri ukirudi mwaka 1999, ulipotoka mchezo uitwao EverQuest. Ndani yake mlikuwa na majoka mawili, Lady Vox na Lord Nagafen, yaliyohitaji kundi kubwa la watu kuyaangusha. Joka likifa, linaacha vitu vichache. Watu ni wengi, vitu ni vichache, na hapo hapo ugomvi ukazaliwa. Mchezaji mmoja wa kikundi kilichoitwa Afterlife, anayejulikana kwa jina la Thott, akabuni hesabu: kila anayehudhuria anapewa alama, na kitu kizuri kikitokea anakinunua kwa alama alizoziweka. Mfumo ule, wa alama za kuua joka, ukaenea michezoni kote. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana niliona kaunta buku ya mama imevuka bahari na kuvaa magamba ya joka.

Kisha Novemba 2004 ikaja World of Warcraft. Pango lake kubwa la mwanzo, Molten Core, lilipangwa kwa watu arobaini. Ni sawa na kuendesha kamati ya harusi kila wiki, na harusi yenyewe isifungwe hadi wanakamati wote wawe wameketi ukumbini. Watu waliacha usingizi, wengine waliacha kazi. Watengenezaji wenyewe walikuja kupunguza idadi: mwaka 2007 pango la Karazhan liliwekwa kwa watu kumi, na mwaka 2013 kikaja kiwango kinachopanuka na kupungua kulingana na waliojitokeza. Nasisitiza hilo la mwisho. Iliwachukua karibu miaka tisa kukubali jambo ambalo kijumbe yeyote wa Tarime angewaambia siku ya kwanza, kwamba watu wazima wana watoto, wana zamu, wana misiba, na utaratibu usiovumilia pengo la mtu mmoja utavunjika ndani ya miezi mitatu.

Sisi tunacheza Old School RuneScape, na sababu zetu ni za hapa. Mchezo huu uliingia kwenye simu Oktoba 2018, na unakula bando kidogo sana. Lakini sababu kubwa ni namna unavyohesabu muda. Simu yangu ikiwa Turwa na seva ikiwa Uingereza, kila ninachobonyeza kinashuka hadi pwani, kinaingia kwenye nyaya za baharini, kinapita Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya, kisha jibu linarudi njia hiyohiyo. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kawaida ni zaidi. Katika michezo ya kulenga na kufyatua, uchelewaji huo unakuua kabla hujamwona adui. RuneScape yenyewe inakwenda kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6. Ukibonyeza mapema au ukichelewa kidogo ndani ya pigo hilo, ni mamoja. Mtu wa Mugumu na mtu wa Manchester wanasimama sawa. Sijui kama waliounda mapigo hayo waliwahi kutufikiria, lakini nawashukuru.

Pango tunaloingia zaidi linaitwa Chambers of Xeric, lililofunguliwa Januari 2017. Vyumba vyake hubadilika mpangilio kila safari, na nguvu za majitu hupanda na kushuka kwa idadi ya walioingia. Mkija watatu, linawapokea watatu. Mkija wanane, linawapokea wanane. Tena halina kifungo cha wiki. World of Warcraft inakufungia: ukishaua jitu fulani unasubiri hadi siku ya kufunguliwa, ambayo kwa Ulaya ni Jumatano na kwa Marekani Jumanne, na kifungo hicho ndicho kinachowakusanya watu. Sisi hatuna wa kutufungia. Mtu anaweza kuingia pangoni Jumatatu asubuhi akiwa peke yake. Jumapili yetu inasimama kwa sababu tumeisimamisha wenyewe, kama Jumapili ya mama, ambayo nayo haikuandikwa na benki yoyote.

Kuipata siku hiyo kulichukua mwezi mzima wa kubishana. Ijumaa haikuwezekana: mkoa wa Mara una Wasabato wengi, wawili kati yetu ni Wasabato, na jua la Ijumaa likizama simu zao zinawekwa kando. Jumamosi usiku kuna sherehe na kuna mpira. Katikati ya wiki mwenzetu mmoja yuko kwenye zamu Nyamongo na hawezi kuahidi kitu. Ikabaki Jumapili, na baada ya kuichagua sikukubali tena kuihamisha hata mara moja, ingawa nimeombwa mara nyingi na kwa sababu nzuri. Ukishahamisha siku kwa ajili ya mmoja, wiki ijayo kila mtu anasubiri kusikia ni lini, na anayesubiri kusikia ameshaanza kupanga mambo mengine. Bora waje watatu siku inayojulikana kuliko tisa siku isiyojulikana.

Saa ilitusumbua kuliko siku. Mwanzoni niliandika kwenye kundi la WhatsApp "tukutane saa 3". Wa Turwa, wa Mugumu na wa Isebania walielewa. Mwenzetu aliyeko Muscat, ambako saa ziko mbele yetu kwa saa moja, aliingia saa tatu ya kwake, akakaa peke yake mlangoni. Na kijana aliyezaliwa Uingereza, mama yake mtu wa Tarime, alisoma "saa 3" akaelewa saa tisa alasiri, kwa sababu Kiswahili cha nyumbani kwao kina maneno yote isipokuwa saa ya Kiswahili. Sasa tangazo langu linataja saa tatu usiku ya Tarime, kisha linataja saa ya kila mmoja kwa jina lake. Zaidi ya hapo kuna Jumapili mbili za mwaka za kuangalia. Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, yaani siku yetu hasa. Sisi huku saa hazisogei. Kwa kijana huyo, msafara unaoanza saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi unageuka kuwa wa saa moja jioni wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza alikosea mara zote mbili, Machi akawahi, Oktoba akachelewa. Siku hizi namtumia ujumbe wa sauti Jumamosi yake, wa sekunde kumi tu.

Nimekuwa nikisema mgawo ndio uliozaa ugomvi tangu majoka ya 1999. Kwetu ulikuja kwa sura ya upinde. Chambers of Xeric ina vitu vichache adimu, na mkubwa wao ni upinde ambao kwa miaka mingi bei yake imezidi bilioni moja ya sarafu za humo ndani. Unaweza kuingia mara mia usiuone. Ukitokea, mchezo wenyewe unamchagua wa kumpa: mwenye mchango mkubwa pangoni ana nafasi kubwa zaidi, lakini bado ni bahati. Kisha ni juu ya watu. Ama aliyeupata ni wake, ama unauzwa na fedha zinagawanywa sawa. Njia zote mbili ni za haki. Dhuluma inaingia pale ambapo haikusemwa mapema.

Mwaka wetu wa kwanza tuliingia na mgeni mmoja tuliyekutana naye mlangoni. Kikatokea kitu cha thamani, akapata yeye, akatoka, na hatukumwona tena. Vijana walikasirika sana, mimi pia. Nilimsimulia mama, ambaye hajawahi kushika mchezo wowote wa simu, kuanzia pango hadi mgeni kutoweka. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza, "Mlikubaliana kabla ya kuingia au baada?" Nikamwambia hatukukubaliana. Akaendelea na mchicha wake.

Tangu siku hiyo, kabla mlango haujafunguliwa, nasema kwa sauti na kila mmoja anajibu kwa sauti: tunagawana. Hata tukiwa wenyewe watupu tunaojuana miaka yote, hata kama tumesema Jumapili iliyopita. Fungu moja la kila mgawo linaingia kwenye mfuko wa kikundi, na mfuko huo una kazi moja. Pango hili ni la wanaolipia uanachama, na si kila mtu Tarime ana kadi ya kulipia mtandaoni. Lakini uanachama wa siku 14 unaweza kununuliwa kwa sarafu za ndani ya mchezo, kwa kitu kinachoitwa bondi. Mfuko ndio unaowanunulia bondi wasioweza. Hakuna anayeandikwa kama mdeni.

Wenzangu kadhaa walinishauri nitumie alama kama za Afterlife, anayekuja zaidi apate zaidi. Nilikataa na bado nakataa. Alama zinafaa kikundi kinachotaka kuwa cha kwanza duniani. Katika kikundi cha mapumziko, zinamwadhibu mwenye zamu ya usiku na kumtukuza asiye na kazi. Mtu akigundua kwamba ameachwa nyuma kwa alama mia mbili, haongezi bidii, anaondoka kimyakimya. Zamu ya mchezo wa kina mama haikujali nani alikuja amechangamka. Kila jina lilifikiwa.

Ningependa uione Jumapili moja kwa karibu. Ndani ya Chambers kuna chumba chenye majitu matatu yanayoitwa Vanguards. Mmoja hupigana kwa karibu, mmoja kwa mishale, mmoja kwa uchawi, na kila mmoja ana udhaifu wake. Wanazunguka wakibadilishana nafasi. Ugumu ni kwamba lazima uwapunguze afya kwa usawa. Mmoja akidhoofika sana kuliko wenzake, wote watatu wanapona kabisa na mnaanza upya. Chumba hiki hakimhitaji mwenye nguvu, kinamhitaji anayeweza kuacha kupiga.

Usiku huo tulikuwa watano. Kijana wa Mugumu alikuwa mgeni wa pango hili, ameingia mara ya pili tu, na alikuwa ametoka kununua silaha mpya aliyoitafuta kwa miezi. Alikuwa akimpiga wa uchawi kwa furaha ya mtu aliyevaa viatu vipya. Mara ya kwanza wakapona. Mara ya pili wakapona. Nasikia mvua ya Turwa juu ya bati kwangu, na kwenye spika nasikia kwake mtoto akilia chumba cha pili. Mwalimu, mkubwa wetu kwa umri, anayezungumza mara chache, akasema taratibu, "Mura, weka mkono chini. Hesabu nasi." Akaanza kutaja afya za wale watatu kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama anaita majina darasani. Sitini. Sitini na tano. Arobaini. "Arobaini, mwacheni." Kimya. Unasikia mvua tu. "Hamsini. Hamsini. Arobaini. Haya, mura, sasa wewe." Walianguka wote watatu ndani ya muda mfupi, na yule kijana akacheka kicheko kirefu hadi mtoto naye akanyamaza kumsikiliza.

Majukumu mengine nayapitia kwa haraka kwa sababu ni mepesi ukishakuwa na watu. Mmoja anakumbusha wenzake wachaji simu mchana, kwa kuwa umeme unaweza kukatika, na pawabenki iwe karibu. Mmoja anajua njia za vyumba. Mmoja anatengeneza dawa kwa majani yanayooteshwa humohumo pangoni. Nikiwa safarini, mwalimu anashika daftari. Kijumbe asiye na msaidizi amekijengea kikundi nguzo moja, nami nililijua hilo tangu mama alipolazwa na mama mdogo akachukua kaunta buku bila mzunguko kuruka hata wiki moja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania tukiwa kati ya walioumia zaidi. Ilipofika saa tatu usiku hakuna kilichofunguka. Wawili wa jirani walikuja kwangu kwa miguu na tochi. Hatukuwa tumewahi kukaa chumba kimoja saa hiyo. Tulizoeana kwa sauti, na ilituchukua muda kuzoea nyuso. Mama akatuletea chai. Tukakaa tukieleza vyumba vya pangoni kwa mikono hewani, na mama akauliza hivi huyo anayepigana kwa karibu anakaa upande gani. Baadaye tulijua kwamba yule wa Muscat alikuwa ameingia kwa saa yake sahihi, akatungoja mlangoni karibu saa nzima, akiandika "mpo?" kila baada ya dakika chache.

Usiku ule nilichukua daftari langu, nalo ni kaunta buku, na chini ya tarehe ile nikachora duara kwa kila jina. Yule wa Muscat nilimpigia vema.

Mwenzetu wa Nyamongo amewahi kufikisha maduara saba mfululizo. Zamu zilibadilika, kisha kukawa na msiba kwao, kisha kupanda mahindi. Kila Jumapili alituma ujumbe mfupi: leo hapana. Nami nilimjibu neno lilelile: sawa, tupo. Jumapili ya nane, saa tatu kasoro dakika tano, sauti yake ikaingia kabla ya salamu.

"Mmeshanitoa?"

"Jina lako ni la nne," nikamwambia. "Lipo lilipokuwa."

"Silaha zangu zimepitwa sasa. Nitawachelewesha."

Msafara ule chumba cha pili kilikuwa cha jini la barafu, ambalo huwezi kulidhuru kabla hujawasha majiko manne yanayolizunguka, na kuni za kuwashia lazima zikatwe palepale. Hakuna silaha inayohitajika kwa kukata kuni. Tulisema kwa sauti, tunagawana, kila mmoja akajibu, yeye wa mwisho. Tulipofika kwa jini alikwenda moja kwa moja kwenye miti, nasi wengine tukabaki kwenye majiko tukisubiri, tukilisikia shoka lake kwenye spika.